Vidonge Ambavyo Sikuviita Dawa

Kwa muda mrefu sikutaka kusimulia mambo haya, kwa sababu yanahusu mkojo, na mwanamume wa umri wangu hazungumzi habari za mkojo wake mbele ya watoto. Lakini siku moja kwenye benchi la kliniki mzee mwenzangu aliniinamia sikioni akaniuliza, "Wewe pia umefungwa?" Nikamweleza yote. Nilipomaliza, akatia mkono mfukoni, akatoa vidonge kama vyangu, vya manjano, akavitazama kiganjani. Siku hiyo nikaona heri niandike. Mimi si daktari. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikapakia mifuko ya saruji Athi River kwa miaka mingi, kisha nikarudi shambani kwangu upande huu wa Mutituni. Nitaandika yaliyonipata, basi.

Mke wangu Katunge alikufa mwezi wa sita, baridi ilipoanza kushuka kutoka milimani. Alikufa kwa ugonjwa wa figo. Kwa miaka miwili nilimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumanne na kila Ijumaa. Nililijua lile benchi la kungojea kuliko nilivyojua benchi letu la kanisani. Nilijua mahali ambapo mbao imepasuka na kushika suruali, nilijua ni muuguzi gani anayechoma sindano bila kuumiza. Nilizijua pia sheria za chakula chake. Mwende, binti yetu anayeishi Syokimau, aliziandika nyuma ya kalenda ya zamani akaibandika jikoni: maji vikombe viwili kwa siku, chai ikihesabiwa humo, ndizi hapana, parachichi hapana, maharagwe kidogo sana, chumvi hapana. Katunge alipokufa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibandua ile kalenda.

Sasa, mimi tangu kiwandani nina mzio, au aleji kama tunavyosema huku. Vumbi na baridi vikikutana, pua inafunguka kama bomba na macho yanawasha. Wiki ya matanga watu walikesha kwetu wakiota moto, moshi ukajaa kiwanjani, na waliochimba kaburi wakapandisha udongo mkavu. Nilikuwa napiga chafya mpaka kofia inaanguka. Mama mmoja jirani akafungua fundo la leso yake, akanipa vidonge viwili vidogo.

"Meza hizi, Baba Mwende. Usije ukapiga chafya padri akiomba."

Nikameza. Chafya zikakoma. Na usiku nikalala, mimi ambaye sikuwa nimelala vizuri tangu Katunge alazwe mara ya mwisho.

Siku ya maziko macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Nilisimama kando ya kaburi nikitazama jeneza likishuka na hakuna kilichotoka. Nyuma yangu nilimsikia dada yake Katunge akimwambia mwenzake, "Ona, hata hamlilii." Daktari aliniambia baadaye kwamba vidonge vile hukausha macho kama vinavyokausha pua. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kudai hivyo kwa hakika. Huenda nilikuwa nimechoka tu. Lakini maneno yale niliyabeba, na kila jioni nilipotaka yaache kuniuma nilimeza vidonge viwili nikalala.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vilipoisha nilivinunua dukani pale barabarani, penye sukari na sabuni. Muuzaji alikuwa navyo kwenye mkebe, akivifunga kwa kipande cha gazeti. Hakukuwa na karatasi ya maelezo. Nilimeza kimoja asubuhi, kimoja mchana, viwili jioni, na siku ya vumbi jingi nikaongeza. Mwezi wa nane tulipoanza kupiga mbaazi, vumbi la maganda likanizidi, nikaenda kemisti mjini nikaomba kitu cha mafua. Nikapewa vidonge vikubwa vya rangi mbili. Hakuna aliyeniuliza ninameza nini kingine, nami sikusema. Ningesema nini? Vile vya manjano kwangu havikuwa dawa. Dawa zilikuwa zile za Katunge, zilizojaa sanduku, zenye saa zake. Vyangu vilikuwa vya pua tu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ndani ya vile vikubwa mlikuwa na dawa ileile ya manjano, pamoja na nyingine ya kuzibua pua ambayo nayo haifai kwa mzee. Nilikuwa najiongezea bila kujua.

Mwili ulianza kubadilika polepole. Kwanza mdomo. Nikiamka ulimi umegandamana na kaakaa, inabidi niubandue. Halafu choo kikawa kigumu, siku nne, siku tano. Halafu macho. Jumuiya ndogo ilikuja kusali kwetu, nikapewa somo nisome kama kawaida yangu, na herufi zikawa zinaogelea. Nikasogeza kitabu mbali, nikakileta karibu, watu wakingoja. Mwisho nikasema miwani imeharibika. Mchana nilisinzia kwenye kigoda nikiwa nimeshika jembe. Na mara moja nilimwita Ndinda, mke wa mwanangu Kioko, kwa jina la Katunge. Aliniitikia tu, "Naam, Baba," akaendelea kuosha vyombo. Alidhani ni huzuni. Wote walidhani ni huzuni. Mimi pia.

Kisha mkojo ukaanza kukataa.

Mwanzoni nilisimama muda kidogo ndipo uje. Halafu muda ukawa mrefu. Halafu ukawa unakuja matone, unakatika, nafunga suruali, na kabla sijafika mlangoni nahisi tena. Naomba msomaji anielewe hapa. Ugonjwa wa Katunge ulianza hivyohivyo. Alisema, "Baba Mwende, siku hizi mkojo wangu umepungua." Tukacheka, nikamwambia labda unauficha. Baada ya miezi mitatu alikuwa kwenye mashine. Kwa hiyo nilipoona matone yale, sikuwaza kitu kingine chochote. Nilijua kwamba figo zimekuja kunichukua mimi.

Kila asubuhi nilikaa kitandani, nikabonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba, nikatazama kama shimo litabaki, kama lilivyokuwa likibaki kwake. Nilibonyeza mpaka ngozi ikawa nyekundu, na nyekundu hiyo ikanitisha. Moyo ulikuwa unapiga mbio hata nikiwa nimekaa. Nilifikiri: hivi ndivyo ugonjwa unavyoingia.

Na hapo nikafanya kosa ambalo mtu asiyewahi kumuuguza mgonjwa wa figo hangelifanya. Nikaanza kuzifuata sheria za Katunge. Nilisimama mbele ya kalenda nikazisoma upya, ingawa nilizijua kwa moyo. Maji vikombe viwili. Nikaacha ndizi. Nikaacha isyo, mahindi na maharagwe ambayo nimekula tangu utoto. Mdomo umekauka kwa sababu ya vidonge, nami nanyima mwili maji kwa sababu ya hofu. Na kadiri nilivyokunywa kidogo, ndivyo mkojo ulivyopungua, na kadiri ulivyopungua, ndivyo nilivyoamini.

Sikumwambia mtu. Kioko alikuwa kazini Athi River, anakuja Jumamosi. Ndinda ndiye niliyekuwa naye bomani, na kwetu baba mkwe na mke wa mwana wana heshima kati yao. Hatukai kiti kimoja, hatutajiani mambo ya mwili. Mwende naye nilimpa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake namwita mwaitu, yaani mama. Utamwambiaje mama yako kwamba hukojoi?

Aliyegundua wa kwanza ni rafiki yangu Nzioka, mzee mwenzangu. Tulikuwa tunapiga mbaazi kwenye turubai, nikaondoka kwenda nyuma ya ua wa minyaa. Nilikaa huko. Nikasikia sauti yake.

"Mutiso! Huo mnyaa umekukosea nini? Umeusimamia kama askari wa benki."

"Endelea na kazi, bwana."

"Kazi nimemaliza. Mbaazi zimeota tena zikaiva, wewe bado uko hapo."

Nilicheka, lakini kicheko kikanikata tumboni chini, nikashika mti. Nzioka akaja. Hakutania tena.

"Hautoki?"

"Unatoka kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze kuvuna."

"Na hujaenda hospitali."

"Nikaambiwe nini, Nzioka? Hicho wataniambia nakijua. Niliwekewa mfano miaka miwili."

Akanitazama. Akasema, "Katunge ni Katunge. Wewe ni wewe. Kwani figo ni kama mahari, inatoka nyumba moja inaingia nyingine?"

Nikaanza kurudi kwenye turubai. Alisema akiona siendi hospitali atamwambia Ndinda. Nikamwambia akifanya hivyo sitamsemesha mpaka nife. Akasema, "Kwa vile unavyoenda, hiyo si muda mrefu," na maneno hayo yalinitia hofu kuliko yeye alivyokusudia.

Nyumbani mambo yaliharibika kwa sababu ya chai. Ndinda alikuwa ananiletea kikombe kikubwa saa nne na saa kumi, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Sikutaka kumkataza, kwa kuwa angeuliza sababu. Nikawa nasubiri aondoke, namwaga chini ya mgomba. Isyo ikija nadonoa mahindi kidogo, maharagwe nampa mbwa. Jumamosi moja Kioko akaja, hakunisalimia vizuri. Akakaa mbele yangu na koti lake la kazi.

"Baba, Ndinda analia kila siku."

"Ana nini?"

"Mimi ndio nakuuliza. Chai yake unamwagia mgomba. Chakula chake kinaliwa na Simba. Mbwa amenona kuliko wewe. Kama hutaki mke wangu akae hapa, sema, nimtafutie nyumba Athi River."

"Ndinda hajanikosea kitu."

"Basi ni nini?"

Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa mkavu hata midomo ikashikana. Nikasema, "Sina njaa." Kioko akaondoka akapiga simu. Jumapili Mwende akafika kutoka Syokimau, bado na nguo za kanisani, akakaa na mimi chini ya paa la ghala.

"Nau," akaniita, baba yangu, "unataka kumfuata Mama?"

"Hapana, mwaitu."

"Mtu hali chakula, hanywi chai, amekonda, analala mchana. Wewe ungefikiria nini?"

"Ni uchovu."

"Usinidanganye. Nimezika mmoja mwaka huu. Sina nguvu ya kuzika wawili."

Akalia. Nami nilikaa pale kama gogo, macho makavu, kibofu kikiniuma kama jiwe, nikamwacha mwanangu alie kwa sababu ya jambo ambalo ningelimaliza kwa sentensi moja. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo mpaka leo. Mkojo sioni aibu nao tena.

Jumanne iliyofuata niliamka na hakukutoka hata tone. Nilijaribu chooni, nilijaribu nyuma ya minyaa, nilijaribu nikichuchumaa kama mtoto. Ilipofika saa tatu asubuhi tumbo la chini lilikuwa limeinuka, gumu, ukiligusa unaona nyota. Jasho lilinitoka ingawa kulikuwa na baridi. Ndinda alinikuta nimepiga magoti kando ya ghala, nimeshika nguzo.

"Baba?"

"Enda, Ndinda. Enda tu."

Hakuenda. Akasimama mbali kidogo, akageuza uso upande wa shamba ili asinitazame. Akasema polepole, kama anazungumza na mbaazi, "Mzee Nzioka aliniambia nisiulize kitu. Alisema siku nikikuona umeinama, nimwite yeye, na niite gari. Nimeshaita."

Mpaka leo sijui nimshukuruje yule binti kwa kugeuza uso wake.

Nzioka alinipeleka kulekule nilikokuwa nikimpeleka Katunge. Mwili ulikuwa unauma, lakini nilipoona lile lango miguu ilikataa. Ilikuwa Jumanne. Watu wa Jumanne walikuwepo, wengine niliwajua, wamekaa wakingoja mashine, na mama mmoja akaniinulia mkono kama zamani. Muuguzi aliyekuwa anamhudumia Katunge akapita na kusimama.

"Mzee wa Katunge! Pole sana, nilisikia. Umeleta nani leo?"

"Nimejileta."

Akanitazama tumbo, akaacha faili alizobeba.

Walinilaza nyuma ya pazia. Daktari alikuwa kijana wa kike, anaharakisha lakini si mkali. Akanibonyeza mara moja tu nikapiga kelele.

"Unatumia dawa gani, mzee?"

"Hakuna."

"Pressure? Sukari?"

"Hakuna hata moja."

"Sawa. Tutaweka mpira wa kutoa mkojo, utaskia vibaya kidogo, halafu utaskia vizuri sana."

Sitaeleza jinsi mpira unavyowekwa. Anayeujua anaujua, na anayengojea kuwekwa, nitamwambia hivi: ni muda mfupi kuliko unavyoogopa. Halafu nilisikia maji yakishuka kwenye mfuko. Yalishuka, yakashuka. Zaidi ya lita moja. Nilishika mkono wa Nzioka, na yeye, ambaye hajawahi kushikwa mkono na mwanamume, akauacha.

"Bwana," akasema, "hapa ndani ulikuwa umeficha bwawa."

Lakini hofu yangu haikushuka pamoja na maji. Walitoa damu kupima figo, wakaniambia nikangoje nje. Mfuko ulikuwa umefungwa mguuni. Nikakaa kwenye lile benchi, mahali palepale pa mbao iliyopasuka, nikitazama mlango wa maabara. Nilikuwa nimekaa hapo kungojea damu ya Katunge ya kwanza. Nilijua wanavyotoka. Wakikuita kwa haraka wakiwa mlangoni, ni nzuri. Wakija mpaka ulipo na kuketi kando yako, si nzuri. Nikahesabu nani anaitwa na nani anafuatwa. Nikaanza kupanga. Kwamba Kioko achukue shamba la chini. Kwamba nisiwekwe kwenye mashine, nisiwachoshe watoto mara ya pili. Nilikuwa nimeshafika kwenye nguo nitakazozikwa nazo.

Hewa ya dawa ya kuoshea sakafu ikanipanda puani, nikapiga chafya tatu. Nikatoa mfukoni lile fundo la gazeti, nikachukua viwili, nikavirusha mdomoni bila maji.

"Mzee!" Ni yule muuguzi wa Katunge, amesimama na faili zake. "Hiyo ni nini umemeza?"

"Hii? Hii si dawa. Ni ya mapua."

"Hebu nione."

Akafungua gazeti, akavimwaga kiganjani. Akavitazama, akanitazama, akautazama mfuko wa mkojo chini ya suruali yangu.

"Unameza ngapi kwa siku?"

Nikamwambia. Nikamwambia na vile vya rangi mbili. Hakunikaripia. Alikaa kando yangu, na alipokaa moyo wangu ulisimama, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya. Lakini alikuwa anataka tu kuongea kwa sauti ya chini.

"Mzee, hizi ni dawa. Hizi ndizo zimekufunga. Kwa kijana zinaleta usingizi tu, lakini kwa mzee ambaye tezi dume yake imeanza kukua zinaweza kufunga mkojo kabisa. Mdomo haukauki?"

"Unakauka."

"Choo?"

"Kigumu."

"Macho hayaoni ukungu? Husahausahau?"

Kila alichouliza nilisema ndiyo. Ilikuwa kana kwamba alikaa nyumbani kwangu tangu mwezi wa sita. Akabeba vidonge vyangu kwenda kwa daktari, na daktari akatoka mwenyewe na majibu, akasimama mlangoni, akaniita.

Figo zilikuwa zimesumbuka kidogo kwa sababu ya mkojo kurudi nyuma na kwa kukosa maji. Zilikuwa zinafanya kazi. Akalirudia hilo mara ya pili.

"Zinafanya kazi, mzee. Tezi dume imekua kidogo, kama ya wazee wengi. Ungeishi nayo bila shida. Lakini hizi dawa na hiyo tezi hazipatani. Na maji unakunywa ngapi?"

"Vikombe viwili."

"Nani alikuambia vikombe viwili?"

Nikaiona ile kalenda ya jikoni.

Nilirudi nyumbani na mpira, niendelee nao majuma mawili, na dawa ya kulegeza tezi. Nilidhani hofu imeisha, haikuisha. Mtu akishaamini jambo miezi miwili, majibu ya karatasi hayalitoi kwa siku moja. Nilikunywa maji kama nilivyoambiwa na kila kikombe kilishuka kama dhambi. Vidonge viliachwa ghafla, kwa hiyo chafya zilirudi, usingizi ukaondoka, na nilipolala macho wazi ndipo kifo cha Katunge kikanikuta chote kwa mara ya kwanza. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kulikuwa na rehema ndogondogo. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaonekana chini ya suruali, nikawa sitoki nje. Asubuhi moja nikakuta mlangoni mfuko wa kitambaa cheusi, umeshonwa kwa mkono, una kamba mbili za kufungia mguuni, saizi ileile kabisa. Ndinda alikuwa jikoni akiimba. Nikauvaa. Nzioka aliponiona natembea akasema, "Sasa wewe ni lori, uko na tangi ya akiba." Na chai ya saa nne niliinywa yote mbele ya Ndinda, nikamrudishia kikombe mkononi. Alikitazama ndani, akakigeuza kuhakikisha.

Mpira ulitolewa mara ya kwanza baada ya majuma mawili. Nilikunywa maji, nikangoja, nikajaribu mpaka jioni. Haukutoka. Wakaurudisha. Daktari alisema hutokea, kibofu kilichovutwa sana kinahitaji kupumzika, tujaribu tena baada ya majuma mengine mawili, na kwamba ukikataa mara nyingi huenda nikahitaji kupasuliwa. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimekufa moyo. Niliona kwamba nilichoharibu kwa vidonge vya pua huenda hakitarudi.

Kabla sijaandika siku ya mwisho, niseme machache kwa anayesoma akiwa na shida kama yangu. Ukiulizwa unatumia dawa gani, toa vyote vilivyo mfukoni, hata kile ulichopewa kwenye leso, hata kinachouzwa karibu na sukari. Ukinunua cha mafua, sema unachomeza tayari. Kama una miaka mingi na unaanza kusimama sana chooni, usingoje mavuno yaishe, na ukizibwa kabisa usingoje hata kesho. Na usitumie sheria za mgonjwa mwingine, hata kama mgonjwa huyo ulimpenda. Mimi siku hizi nasafisha pua kwa maji ya chumvi, nina dawa ya kupuliza niliyopewa hospitali, na nikipiga mbaazi nafunga kitambaa usoni. Chafya bado zipo. Naishi nazo.

Siku ya pili ya kutoa mpira mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mwende aliomba ruhusa kazini akanisindikiza. Walinitoa mpira asubuhi, muuguzi akanipa jagi la plastiki lenye mistari.

"Ukipata, usimwage. Lete nione. Kunywa maji, tembea, usijilazimishe."

Nilikunywa. Nilitembea ukumbini toka dirisha mpaka dirisha, mvua ikipiga mabati. Nilienda chooni, nikarudi na jagi tupu, nimelificha ndani ya koti. Wazee wanne walikuwa kwenye benchi, wengine na mifuko yao, na kila niliporudi walinitazama mikono kisha wakatazama chini. Nilienda tena. Matone matatu. Nilihisi tumbo linaanza kuinuka, nikaijua ile hali. Nikafikiria mpira. Nikafikiria kisu. Nikarudi nikaketi.

"Nau, unaumwa?" Mwende akauliza.

Hapo nilichoka kuficha. "Mwaitu," nikasema, "naogopa. Naogopa sitakojoa tena."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja neno hilo mbele yake. Hakushtuka. Alisogea karibu, akanimiminia kikombe kingine.

"Basi tutaketi hapa mpaka ukojoe," akasema. "Sina haraka."

Tukaketi. Saa ikapita. Sikuenda kwa sababu ya kujaribu. Niliinuka kwa sababu nilitaka kwenda, kama mtu yeyote. Niliingia, nikaegemea ukuta kwa mkono mmoja, nikasikiliza mvua. Ukaanza, ukakatika. Nikangoja. Ukaanza tena, na safari hii haukukatika, ukajaza jagi mstari baada ya mstari, ukaendelea hata nilipodhani umeisha.

Nilitoka nimelishika kwa mikono miwili. Sikulificha. Wazee wote wanne waliinua macho, mmoja wao akasema, "Asante Mungu," kana kwamba ni wake. Nikasimama mbele ya binti yangu.

"Mwaitu, nimekojoa."

Mwende hakucheka. Aliniuliza tu, "Mwingi?"

"Mwingi," nikasema.